Visigino Kwenye Nyasi

Binti yangu Hattie alivunjika mfupa wa mtulinga siku ya Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, akiwa amevaa gauni refu la bibi yake na kofia ya kitambaa iliyofungwa kidevuni. Ilikuwa Siku ya Zamani. Kila Oktoba darasa la nne la shule ya msingi ya Garnet Falls huvaa kama watoto wa miaka mia na hamsini iliyopita, huja na chakula kwenye ndoo ya bati, huandika kwa chaki kwenye vibao, na wakati wa mapumziko hucheza michezo ya mababu. Mmoja wa michezo hiyo ni Mjeledi. Watoto hushikana mikono mstari mmoja, hukimbia kwa nguvu zao zote, kisha wa mbele husimama ghafla. Mstari hupinda na wa nyuma hurushwa. Hattie alikuwa wa mwisho kabisa.

Aliyekuwa amemshika mkono ni Shaylene Labombard.

Jina hilo lilinitosha. Kila mzazi wa Garnet Falls anamjua Shaylene. Ana miaka kumi na mabega ya mtoto wa kumi na tatu. Anaishi na bibi yake, Verna, kwenye zile nyumba za mabati za barabara ya mgodi. Alipokuwa darasa la pili alimuuma dereva wa basi la shule, na mpaka leo dereva huyo akimwona anaingiza mikono mifukoni. Nilipomuuliza Hattie pale hospitali, akiwa bado analia, nani alimwachia mkono, akasema, "Shaylene." Sikuuliza swali lingine.

Jumapili niliketi mezani nikaandika barua. Nina stashahada ya chuo na kazi yangu ni kuandika taarifa, kwa hiyo barua ilitoka na aya tatu fupi zinazouma. Niliambatisha picha niliyopiga kwa simu: kifundo cha mkono wa Hattie, na mikwaruzo minne mirefu ya kucha. Nilieleza kwamba huyo mtoto ni hatari kwa wenzake na kwamba shule isipochukua hatua, mimi nitachukua.

Jumatatu mwalimu mkuu, Bwana Tewksbury, alinipigia simu mwenyewe.

"Roberta, pole sana. Nilikuwepo pale pale. Niliona kila kitu."

"Basi unajua cha kufanya."

"Najua. Usijali."

Wakapanga kikao cha nidhamu siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Mambo yakienda kama yalivyotarajiwa, Shaylene angehamishwa kuanzia wiki inayofuata kwenda shule ya kaunti jirani, ile wanakopelekwa watoto walioshindikana kwingine. Saa moja na robo kwa basi kwenda, saa moja na robo kurudi. Nikasema vizuri. Nililala usingizi mzuri usiku ule, na hilo nalisema ili mjue.

Tatizo ni kwamba Alhamisi hiyo hiyo nilikuwa na zamu ya picha.

Pale kwetu kila darasa lina Mama wa Picha. Mara moja kwa mwezi mzazi wa kujitolea huleta picha kubwa ya mchoro maarufu, huibandika ubaoni, na watoto huizungumzia kwa nusu saa. Niliingia kwenye kazi hiyo Hattie alipokuwa darasa la kwanza. Sikuingia kwa sababu napenda michoro. Kwenye mkutano wa wazazi waliuliza nani yuko tayari, watu wote wakatazama viatu vyao, na mimi siwezi kuvumilia ukimya wa namna hiyo. Picha zenyewe huchaguliwa mwezi wa tisa na kamati, na huja zimeviringishwa ndani ya mrija wa kadibodi. Mimi sichagui kitu.

Nilifungua mrija ule Jumatano, juu ya meza ya jikoni, nikatukana kwa sauti mpaka mbwa akatoka nje.

Ulikuwa mchoro wa mwaka 1872. Kila Mmarekani ameuona mahali fulani, kwenye kalenda au kwenye kopo la biskuti. Wavulana tisa wanacheza Mjeledi uwanjani mbele ya shule ndogo nyekundu yenye chumba kimoja. Wengi hawana viatu. Mashati meupe, mikanda ya mabegani, kofia. Nyuma kuna mlima wa kijani unaofanana sana na mlima wetu. Upande wa kushoto mstari umekatika: mmoja yuko chini na mwingine anaruka kuelekea huko huko. Karatasi ya maelezo iliyokuja nayo ilisema kwamba mchoro unaonyesha furaha safi ya utoto na umoja wa taifa baada ya vita vya Kaskazini na Kusini. Furaha safi! Binti yangu alikuwa sebuleni, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, hawezi hata kujifungia viatu.

Nilikaribia kuurudisha mrija maktaba. Halafu nikafikiri, hapana. Nitakwenda. Nitaweka picha hii mbele yao na nitawafanya wamtazame huyo mtoto anayeanguka, na kila mtu darasani atajua kinachotokea ukimwachia mwenzako. Hasa mmoja wao.

Msidhani sikujua ninachokifanya. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ninayejiandaa kumwaibisha mtoto wa miaka kumi kwa kutumia sanaa.

*

Niliingia darasani saa nane na nusu mchana. Mwalimu wao, Bi. Kilmer, alinipokea kwa tabasamu la mtu mwenye jino bovu.

"Roberta, labda tungetumia picha ya mwezi ujao? Ni ya bakuli la matunda."

"Kamati imechagua hii."

Hattie alikuwa kiti cha mbele. Shaylene walikuwa wamemhamishia nyuma kabisa, dawati lake peke yake karibu na sinki, uso ukutani. Niliona mgongo wake tu, na nywele zilizofungwa kwa mpira wa manjano.

Nikabandika picha. Kazi ya Mama wa Picha ina sheria. Hatufundishi. Tunauliza maswali matatu tu: mnaona nini, nini kinakufanya useme hivyo, kuna nini kingine. Mtoto akisema kitu unakirudia, basi. Huruhusiwi kuwapa jibu. Walitupa mafunzo ya siku nzima kwa ajili ya hilo, na sandwichi kavu.

"Mnaona nini?"

"Hawana viatu!"

"Mama yangu angeniua."

"Wanacheza Mjeledi," alisema Josie, mtoto wa mwenye duka la rangi. "Kama sisi siku ile."

Bi. Kilmer alikohoa.

"Josie anasema wanacheza Mjeledi," nikarudia. "Nini kinakufanya useme hivyo?"

"Wameshikana mikono. Halafu wale wa huku wamerushwa."

"Mmoja amekula nyasi," alisema Orrin, na darasa likacheka. Orrin ni mtoto mdogo mwenye miwani mikubwa, wa aina ile inayomsahihisha daktari wake. "Na huyu mwingine bado hajafika, lakini anakwenda kula."

Hapo ndipo nilipotaka wafike. Nikaacha sheria.

"Kwa nini wameanguka?" nikauliza, na nikaangalia nyuma, kwenye sinki. Nilikuwa nimesubiri jibu moja tu. Mwenzake amemwachia.

Orrin akainuka, akaja mpaka ubaoni bila kuombwa. Kidole chake kikampita mtoto aliyeanguka, kikapita mikono iliyoachana, kikapita wale wanaokimbia katikati, kikaenda mpaka mwisho wa upande wa kulia.

"Kwa sababu ya hawa."

"Hao wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Ndiyo maana."

"Nini kinakufanya useme hivyo?" Safari hii niliuliza kwa sababu sikuelewa.

"Tazama miguu. Hawa wote wa katikati wanakimbia, mguu mmoja uko juu. Hawa wa huku wamechimba visigino. Wamelala nyuma hivi." Akalala nyuma, karibu aangushe ubao. "Wamesimama. Wangeendelea kukimbia, hakuna ambaye angeanguka."

"Wakisimama taratibu pia hakuna anayeanguka," alisema Josie. "Lazima wasimame ghafla. Na lazima wawe wazito."

"Hawa si wazito sana," alisema Orrin. "Ni watoto. Ndiyo maana wako watatu. Sisi tulikuwa na mmoja tu, lakini yeye ni kama hawa watatu pamoja na ng'ombe."

Darasa likacheka kwa nguvu. Mimi sikucheka.

"Nani?"

"Bwana Tewksbury."

"Orrin," alisema Bi. Kilmer, "tunazungumzia picha."

"Nazungumzia picha!"

"Bwana Tewksbury alikuwa anacheza?" nikauliza.

Wakaanza kusema wote. Alikuwa nanga, yule wa mbele anayesimama. Alivaa mikanda ya mabegani na kofia ya majani. Alisema babu yake alikuwa bingwa wa Mjeledi. Alisema, "Nionyesheni mbio za kweli, au nyie ni watoto wa simu?" Wakakimbia. Mara ya kwanza alisimama taratibu, wakamzomea. Mara ya pili akasimama kweli kweli.

Nikamtazama binti yangu.

"Hattie. Kwa nini hukuniambia?"

Akanikodolea macho, mashavu mekundu. "Uliniuliza nani aliniachia mkono."

*

Sasa niwaambie kazi yangu, kwa sababu ndiyo inayonifanya nijione mjinga. Mimi ni mkaguzi wa ajali wa kampuni ya bima. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisimama kandokando ya barabara za milimani, na simu na futi ya kupimia, nikiangalia magari yaliyopondana. Magari matano yanapogongana kwa mfuatano, yule wa mtaroni hutukana aliye karibu naye, kwa sababu huyo ndiye aliyemwona. Huyo wa karibu mara nyingi ndiye aliyejitahidi kukanyaga breki kuliko wote. Ajali ilianza mbele, kwa mtu aliyesimama ghafla, ambaye sasa ameegesha gari lake lisilo na mkwaruzo na anawaonyesha polisi njia. Hili nawafundisha wakaguzi wapya siku yao ya kwanza. Nawaambia, tembea mpaka mwanzo wa mstari.

Mtoto wangu alipovunjika sikutembea hata hatua moja.

"Shaylene," nikasema. "Wewe unaona nini?"

Hakugeuka. Bi. Kilmer akafungua mdomo, nikamwonyesha kiganja.

"Shaylene, nakuuliza wewe. Njoo uone."

Akageuza kiti. Hakuja. Alitazama picha kutoka kule kule kwenye sinki, muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kusogezasogeza miguu.

"Yule aliyebaki wa mwisho," akasema. "Mkono wake uko wazi. Watu watasema aliachia." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Hakuachia. Alivutwa mbele."

Nikasema asante. Nikaviringisha picha, nikaisokomeza kwenye mrija vibaya mpaka pembe ikakunjika, nikatoka.

Nje ya mlango wa darasa lile kuna ubao wa matangazo. Nilikuwa nimeupita nilipoingia, na siku iliyotangulia, na siku nilipoleta fomu za hospitali. Umepambwa kwa majani ya karatasi, mekundu na ya manjano, na herufi za kukatwa: SIKU YA ZAMANI. Picha kumi na mbili alizopiga Bi. Kilmer. Ya katikati ni kubwa kuliko nyingine zote.

Mstari wa watoto unatoka kushoto kwenda kulia, magauni na mashati yamejaa upepo. Mwanzo wa mstari, mwalimu mkuu wa shule yetu, kilo mia moja na ushee, kofia ya majani imeanguka kisogoni, mdomo wazi kwa kicheko. Visigino vyake vimezama kwenye nyasi na vimefukua udongo mweusi, mistari miwili mifupi, dhahiri kama alama za breki. Mwisho wa mstari, Hattie yuko hewani. Na kati yake na mstari yupo Shaylene, amelala karibu sawasawa na ardhi, uso umekunjamana, mikono yake miwili imemshika Hattie. Miwili! Alikuwa ameshaachia upande wa pili, upande wa mstari, ili amshike mtoto wangu kwa mikono yote.

Nikatoa simu. Nikafungua ile picha ya kifundo cha mkono niliyoambatisha kwenye barua. Mikwaruzo minne. Nilikuwa nimeiita "dalili za ukatili." Inaanzia juu ya kifundo, inateremka sambamba, inapita kiganja, inaishia kwenye vidole. Mtu akikusukuma hakuachii alama ya urefu huo. Alama ya urefu huo huachwa na mtu anayeshikilia mpaka pumzi ya mwisho huku anachokishikilia kikimponyoka. Ningeiona barabarani ningeisoma kwa sekunde tatu.

Nikang'oa picha ya katikati ubaoni. Pini nne zilibaki mkononi mwangu na sikujua pa kuziweka, nikafumba ngumi.

*

Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo cha ofisi, meza ya mviringo, sanduku la tishu katikati. Bwana Tewksbury alikuwa upande mmoja. Karibu naye Bi. Pruitt, mwanamke mwembamba wa ofisi ya elimu ya wilaya, na faili lake. Upande wa pili Verna Labombard peke yake. Verna anapakua chakula jikoni mwa shule hiyo hiyo. Alikuja na aproni yake, wavu wa nywele bado kichwani, harufu ya viazi. Nilielewa ghafla kwa nini wiki nzima hakupiga kelele. Mtu anayemtuhumu mjukuu wake ndiye anayemwandikia zamu.

"Roberta," alisema Bwana Tewksbury, "si lazima ukae. Barua yako inatosha."

"Nakaa."

"Imeandikwa vizuri mno hiyo barua, mwanangu," alisema Verna bila kunitazama. "Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa moja la tahajia nifurahi. Hakuna."

"Makosa yamo," nikasema.

Bi. Pruitt akasoma fomu ya tukio. Tarehe, saa, mahali. Wanafunzi waliohusika: Hattie Pelkey, Shaylene Labombard. Maelezo: mwanafunzi wa pili alimwachia wa kwanza wakati wa mchezo, akasababisha jeraha. Alipohojiwa, alikiri.

"Alikiri nini?" nikauliza.

"Kwamba aliachia mkono," alisema Bwana Tewksbury. "Nilimuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Nikasema, Shaylene, uliuachia mkono wa Hattie? Akasema ndiyo. Sikumlazimisha."

"Fomu uliijaza wewe?"

"Ndiyo utaratibu."

"Ina mahali pa kuandika watu wazima waliohusika?"

Bi. Pruitt akaigeuza fomu, akaangalia nyuma, akaangalia mbele tena. "Hapana. Ni wanafunzi tu."

Nikakunjua ule mchoro wa kale mezani nikaubana kwa sanduku la tishu. Kando yake nikaweka picha ya ubaoni. Bwana Tewksbury akaiona. Wekundu ulianza kumpanda kutoka kwenye kola.

"Kwenye mchoro huu," nikamwambia Bi. Pruitt, "kila mtu hutazama kushoto, anakoanguka mtoto. Mimi pia. Leo mtoto wa miaka tisa amenionyesha kulia. Tazama visigino. Halafu tazama hivi."

Akavaa miwani. Akatazama. Verna naye akainuka nusu, akaegemea meza kwa mikono yake yote miwili.

"Bwana Tewksbury," alisema Bi. Pruitt polepole, "ulikuwa kwenye mstari?"

"Kwa dakika mbili. Watoto waliniomba. Ni mchezo wa miaka mia na hamsini, kwa jina la Mungu, upo kwenye kalenda za kila jiko hapa nchini!"

"Na katika mstari huo wa kwenye kalenda," nikasema, "nionyeshe mtu mzima. Nionyeshe mtu wa kilo mia moja aliyechimba visigino huku watoto wa kilo thelathini wanamzunguka."

"Ilikuwa bahati mbaya."

"Naamini. Bahati mbaya ilikwisha saa tano na nusu Ijumaa. Kilichofuata ulikifanya ukiwa umekaa, na kalamu mkononi."

"Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwepo kwenye mstari!"

"Hattie naye kanijibu hivyo hivyo. Ana miaka tisa. Wewe una mingapi?"

Verna akacheka mara moja, kicheko kikavu kama kijiti kinachovunjika, halafu akakaa akafunika uso kwa aproni. Mabega yake yakatikisika na sikujua kama bado ni kicheko.

"Uliniambia uliona kila kitu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mlango ulikuwa wazi, na sikujali. "Uliona mtoto huyu ameachia mstari mzima ili amshike wangu kwa mikono miwili. Uliona! Halafu ukamuuliza swali ulilojua jibu lake, ukaandika alikiri. Na mimi nikakuletea picha ya mikwaruzo nikaiita ukatili, na ukaipokea, ukaniambia nisijali."

Yeye alikuwa anatazama visigino vyake kwenye picha.

"Naondoa malalamiko yangu," nikamwambia Bi. Pruitt.

"Bila malalamiko, kikao hakina la kuendelea nalo," alisema. Alifunga faili, kisha akalifungua tena. "Mwanafunzi anabaki. Hilo naliandika sasa hivi, Bi. Labombard, na utapata nakala kabla hujatoka." Akageukia upande wa pili. "Wewe, Bwana Tewksbury, tafadhali usiondoke jengoni."

"Nipe karatasi," nikasema. "Nina malalamiko mengine."

Niliyaandika pale pale. Aya tatu. Ya kwanza ilikuwa juu yake. Ya pili ilikuwa juu ya fomu. Ya tatu ilikuwa juu yangu: kwamba maelezo niliyotoa tarehe fulani kuhusu Shaylene Labombard yalikuwa ya uongo, kwamba niliyatoa bila kukagua, na kwamba ushahidi nilioambatisha unathibitisha kinyume chake. Kisha nikatia sahihi. Nimetia sahihi maelfu ya taarifa, na hakuna iliyonichoma kama ile.

Nilipoinuka nilimwambia Verna samahani.

"Unaniambia mimi?" Alikuwa anajifuta macho kwa kona ya aproni. "Mimi sikuvunjwa kitu. Wiki nzima nimempakulia yule bwana viazi na sikumtemea, basi mimi niko sawa na Mungu wangu. Aliyeketi kando ya sinki siku nne yuko nje kwenye benchi. Mwambie yeye. Na usimwambie kwa barua."

Alikuwa kwenye benchi kweli, mkoba mapajani, jaketi limefungwa zipu mpaka kidevuni, tayari kwa safari ambayo alidhani imeshaamuliwa. Nikachuchumaa mbele yake. Magoti yangu yakalia.

"Huendi popote," nikasema. "Unabaki hapa. Na nimekosea juu yako. Niliandika kwamba ulimuumiza Hattie. Ulikuwa unamshikilia."

Akanitazama kama anavyotazamwa mbwa asiyejulikana. Kisha akatoa mkono wa kulia kwenye mfuko wa jaketi akaunyoosha. Kucha za vidole viwili zilikuwa zimekatika chini, mpaka kwenye nyama. Damu ilikuwa imekauka nyeusi.

"Nilishika mpaka zikakatika."

"Nimeona kwenye picha."

"Picha ilikuwepo ukutani tangu Jumatatu," alisema Shaylene.



Akainuka. Alikuwa ameiona picha chini ya kwapa langu. "Unairudisha?"

"Bi. Pruitt amepiga nakala. Ndiyo, narudisha."

"Pini ziko wapi?"

Nikafungua ngumi. Nilikuwa nimezishika muda wote ule, na mbili zilikuwa zimenichoma kiganja bila mimi kusikia. Akazichukua moja moja, akinitazama usoni kila mara. Tulikwenda kwenye ubao. Aliibandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unamuuma, na alichukua muda wake. Bibi yake alimwita kutoka mlango wa mbele kwamba basi haliendeshwi na mjomba wao, halitawasubiri.

Picha ilikaa mshazari, upande wa mwalimu mkuu umeshuka chini. Sikuinyoosha.